Sampuli Ikiharibika Njiani, Jibu Huwa la Uongo

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wafugaji katika siku ya mifugo. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Nimepewa dakika ishirini kabla ya ng'ombe wa maonyesho kuanza kupita hapa mbele. Najua nikizidisha mtaniacha niongee na maikrofoni, kwa hivyo niingie moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni habari: kuuliza, kusikiliza na kuwaeleza wananchi. Lakini kuna swali moja ambalo limenifuata kila niendapo, barazani, redioni, hata kwenye foleni ya dukani. Watu wananiuliza: "Hawa wanaokuja na magari kukusanya mavi ya ng'ombe wetu, wanayapeleka wapi? Na mbona hawarudi na majibu?" Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, nimeona kinyesi cha mbuzi wangu kikiwekwa kwenye barafu kama samaki. Kina nini cha maana hivyo?"

Nikaona ni aibu mimi kuitwa afisa wa habari na sina jibu. Nikaenda kuuliza. Nimeuliza maafisa wetu wa mifugo, nimesoma, nimeuliza tena. Leo ninaleta nilichojifunza, na nitawaeleza pia kosa langu mwenyewe, kwa sababu mimi nami niliwahi kubeba kinyesi cha ng'ombe safarini, na mambo hayakwenda vizuri.

Kiwanda kilicho tumboni

Tuanze na ng'ombe mwenyewe. Sote tunajua ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia hula, kisha hulala kivulini wakacheua. Nyasi wanayokula, mimi na wewe tukila haitatufaa kitu. Hata ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuivunja. Kinachoivunja ni vijidudu vinavyoishi katika lile tumbo la kwanza, lile kubwa. Kwa ng'ombe mzima tumbo hilo huweza kubeba lita 100 na zaidi. Fikiria mitungi mitano ya lita 20, ile ya kutekea maji, ikiwa imepangwa ndani ya ng'ombe mmoja.

Ndani yake kuna joto la nyuzi karibu 39, na hakuna hewa tunayoivuta sisi. Humo mna bakteria, protozoa, kuvu, na kundi jingine la vijidudu linalotengeneza gesi ya methani. Ukichota kijiko kimoja tu cha maji ya tumbo hilo, bakteria waliomo ni wengi kuliko watu wote walio duniani. Wao ndio wanaokula nyasi kwanza, kisha ng'ombe anaishi kwa kile wanachokiacha na kwa miili yao wenyewe. Sehemu kubwa ya nguvu za ng'ombe, hadi karibu asilimia 70, hutokana na asidi zinazotengenezwa na vijidudu hivyo.

Kwa hivyo mtafiti anayetaka kujua kwa nini ng'ombe wa jirani anatoa maziwa mengi kwa nyasi ileile, au kwa nini ndama wanaharisha, au ni lishe gani itapunguza hasara, lazima aulize vijidudu. Na hawezi kuviuliza bila sampuli: kinyesi, au maji yaliyotolewa katika tumbo kubwa kwa mpira unaopitishwa kinywani, au yaliyochukuliwa kichinjioni mara tu mnyama anapopasuliwa.

Maziwa ya saa nne

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, hasa ninyi wa maziwa.

Umekamua saa kumi na mbili asubuhi. Maziwa ni mazuri, chombo ni safi. Bodaboda amechelewa, jua limetoka, mtungi umekaa kando ya barabara. Saa nne unafika mahali pa kukusanyia. Karani anachanganya maziwa kidogo na spiriti, yanaganda, anayakataa. Sasa niwaulize: ng'ombe ametoa maziwa mabaya?

(Watu wakajibu: Hapana!)

Hapana. Ni njia iliyoyachachusha. Lakini karani haijui njia. Yeye anaona tu kilichofika mezani. Kama angekuwa mgeni asiyejua mambo ya maziwa, angeandika kwenye kitabu chake: "Ng'ombe wa sehemu hii hutoa maziwa machachu." Na wewe ungesoma kitabu hicho ukashangaa.

Ndivyo ilivyo kwa sampuli ya kinyesi. Vijidudu vilivyomo ni hai. Ukikitoa kinyesi tumboni, umevihamisha kutoka nyumba yao. Hewa imeingia, joto limebadilika, chakula kinapungua. Wale wasioweza kuishi penye hewa wanaanza kufa. Wale wanaoweza kuishi popote, kama jamii ya E. koli, wanapata nafasi, wanazaana haraka. Baada ya saa kadhaa kwenye joto, ile jamii iliyomo chupani si ile iliyokuwa tumboni. Mtafiti akiisoma, atakuambia habari za chupa akidhani anakuambia habari za ng'ombe.

Mwanasayansi Mmarekani aitwaye Robert Hungate ndiye aliyewafundisha wenzake jambo hili vizuri, miaka ya 1940 na 1950. Kabla yake, watu walijaribu kuotesha vijidudu vya tumbo la ng'ombe maabarani, na wengi wao havikuota. Hungate alitengeneza njia ya kuvikuza ndani ya mirija isiyoingia hewa kabisa, na vile vilivyodhaniwa kuwa havipo vikaonekana. Vilikuwepo siku zote, ila hewa ilikuwa ikiviua kabla havijahesabiwa. Hungate huyo alifika hata huku kwetu. Mwaka wa 1959 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa uchachukaji katika matumbo ya wanyama wa Afrika Mashariki, ng'ombe wa zebu pamoja na wanyamapori kama pofu na swala. Kwa hivyo habari hizi si ngeni katika nchi yetu.

Kosa langu

Sasa niwape habari yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mtamba mmoja wa baba alianza kuharisha na kukonda, manyoya yamesimama. Afisa wa mifugo alipita akasema huenda ni minyoo, lakini tupeleke kinyesi maabara ihesabiwe mayai, ndipo tujue dawa gani na kiasi gani. Dawa ilikuwa ghali na baba hakutaka kununua kwa kubahatisha. Nikatumwa mimi.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikiokota kinyesi boma asubuhi, sijui hata kama kilikuwa cha mtamba yule au cha mwingine aliyelala karibu naye. Nikakitia kwenye mfuko wa plastiki, enzi zile mifuko ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Nikapanda matatu, mfuko ukawekwa chini ya kiti karibu na injini. Nikafika mjini nikakutana na wanafunzi wenzangu. Tukakaa. Maabara ikafungwa. Nikalala kwa shangazi, na mfuko ukalala nje juu ya ukuta ili usinuke. Jumamosi na Jumapili ikawa hivyohivyo. Jumatatu ndipo nilipoingia.

Mzee aliyekuwa pale akaufungua, akanusa, akaniangalia. "Kijana, hii imechukuliwa lini?"

Nikasema, "Leo asubuhi, daktari."

Aliandika. Jibu likaja: mayai machache tu. Nikampelekea baba karatasi, na baba aliamini karatasi. Hakununua dawa. Mtamba akaendelea kukonda, na majuma machache baadaye akafa.

Nilipoanza kuuliza habari hizi mwaka huu, afisa mmoja wa mifugo alinieleza kwa upole, bila kujua kwamba ninajiulizia mwenyewe, kwamba mayai ya minyoo mingi yakikaa kwenye joto huanguliwa kwa siku moja au mbili. Ukiyatafuta baadaye huyaoni, maana si mayai tena. Sisemi kwa hakika kwamba mtamba yule angepona. Hilo sitalijua. Lakini ninajua kwamba kinyesi changu kilikuwa kimeharibika, na yule mzee aliniuliza swali ambalo lingetuokoa. Kama ningesema "Ijumaa," angeniambia rudi ulete kingine. Nilidanganya, na maabara ikadanganyika, na baba naye.

Kwa hivyo mkisikia mtafiti anauliza mara tatu, "Imetoka saa ngapi? Imekaa wapi? Ilipata jua?" msidhani anawapotezea wakati.

Mahali sampuli inapopotea

Nimejifunza kwamba kuna vituo kadhaa kati ya ng'ombe na jibu, na kila kimoja kinaweza kuibadilisha habari.

Kituo cha kwanza ni mahali pa kuchukulia. Kinyesi kilichokaa ardhini kimeokota vijidudu vya udongo, na nzi wameshakitembelea. Ndiyo maana mtaalamu huvaa glavu akakitoa moja kwa moja mkunduni mwa mnyama, au anasubiri kianguke kisha anachota katikati, sehemu isiyogusa ardhi. Na hata hivyo kinyesi si tumbo. Kinyesi kinatuambia zaidi habari za utumbo wa mwisho. Anayetaka habari za tumbo kubwa lazima achukue maji ya tumbo kubwa. Akitumia mpira wa kinywani, yale maji ya kwanza huyamwaga kwa sababu yamechanganyika na mate. Tena kuna vijidudu vinavyoelea kwenye maji na vingine vinavyoshikamana na majani yenyewe. Ukichuja kwa kitambaa ukatupa makapi, umewatupa wale wenye kazi ngumu ya kuvunja nyuzinyuzi. Hata saa ya kuchukua ni muhimu, maana tumbo la ng'ombe aliyetoka kula si sawa na tumbo la ng'ombe aliyeamka.

Kituo cha pili ni joto na muda. Hilo tumeshaliona kwenye maziwa.

Kituo cha tatu ni baridi yenyewe. Hapa nilishangaa. Nilidhani barafu inatatua kila kitu. Kumbe baridi si moja. Kama unatafuta mayai ya minyoo, sampuli inatakiwa ikae kwenye baridi ya friji, isigande, maana kuganda huyaharibu mayai. Lakini kama unatafuta chembe za urithi za bakteria, yaani DNA, watafiti hupenda kuigandisha haraka na kuiweka katika friza maalumu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Wengine hutumia mitungi ya naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ileile anayobeba mtaalamu wetu wa AI. Nasema AI ya ng'ombe, vijana, si ile ya simu.

Na ukishagandisha, usiache iyeyuke ukaigandisha tena. Nyama iliyoyeyuka na kugandishwa tena mnaijua inavyotoa maji. Bakteria nao hupasuka, na hawapasuki sawa. Wenye ngozi nyembamba hupasuka kwanza. Watafiti waligandisha maji ya tumbo la ng'ombe bila kuongeza kitu, na mengine wakayaongezea gliserini, jamaa ya ileile mnayoijua kwenye mafuta ya kujipaka. Waliyogandisha bila gliserini yalionyesha kundi moja kubwa la bakteria, Bacteroidetes, likiwa limepungua. Tumbo lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa gliserini tu. Sasa fikiria mtafiti mmoja ametia gliserini na mwenzake hakutia, kisha wanalinganisha ng'ombe wa huku na ng'ombe wa kule. Watasema mifugo inatofautiana, kumbe wanaotofautiana ni wao wawili.

Kituo cha nne ni dawa ya kuhifadhia. Katika sehemu zetu nyingi hakuna umeme wa kutegemewa, na barafu huyeyuka kabla ya kufika barabara ya lami. Kuna njia nyingine, kama kutia sampuli kwenye spiriti au kuipaka kwenye karatasi maalumu inayokauka. Mwaka wa 2016 utafiti mmoja ulilinganisha njia hizi kwa kinyesi cha watu na cha mbwa kilichohifadhiwa kwa majuma manane. Spiriti ya asilimia 95 ilihifadhi vizuri. Ile ya asilimia 70, inayokaribiana na vitakasa mikono tulivyovizoea wakati wa korona, haikuhifadhi vizuri. Kwa hivyo mtu akija kwako na chupa ya spiriti, ile namba iliyoandikwa kwenye chupa si mapambo.

Kituo cha tano kiko maabarani. Ili kuisoma DNA, lazima bakteria wavunjwe. Kuna wenye ngozi nyembamba kama ganda la yai, na kuna wenye ngozi ngumu kama kifuu cha nazi. Maabara inayotumia njia laini itawaona wa yai tu na kusema wa nazi hawapo. Mwaka wa 2013 watafiti walichukua sampuli za matumbo ya ng'ombe na kondoo, wakazipitisha katika njia 15 tofauti za kutoa DNA. Picha ya vijidudu ilibadilika kulingana na njia iliyotumika.

Na kituo cha mwisho ni ile chupa tupu. Kijana mmoja aliniambia kwamba watafiti walifika kwao wakafungua chupa isiyo na kitu, wakaifunga tena, wakaiandika namba na kuiweka kwenye barafu pamoja na zile nyingine. Akafikiri wamechanganyikiwa. Hapana. Dawa za maabara, glavu, hata hewa ya boma, vyote vina vijidudu vyake. Chupa tupu inapimwa kama nyingine. Kile kitakachoonekana ndani yake hakikutoka kwa ng'ombe, na mtafiti mwangalifu anajua kukiondoa kwenye hesabu. Ukiona chupa tupu, jua umepata mtu anayejichunguza mwenyewe.

Hili linatuhusu vipi?

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, "Hayo ni ya maprofesa, mimi nataka bei ya ng'ombe ipande." Mzee wangu, nivumilie kidogo.

Kwanza, lishe. Nguvu iliyo katika chakula cha ng'ombe, kati ya asilimia 2 na 12, hupotea kama gesi ya methani anayoibweua. Hiyo ni pesa yako inayopaa hewani. Kujua ni majani gani, na mchanganyiko upi, unaopunguza hasara hiyo kwa ng'ombe wetu kunategemea sampuli nzuri. Ukipewa ushauri uliotokana na sampuli mbovu, utanunua chakula kisichokufaa.

Pili, lusina. Wengi wenu mmeupanda mti huu kama lishe. Una protini nyingi, lakini una sumu iitwayo mimosini. Huko Australia mifugo iliyolishwa lusina kwa wingi ilikuwa ikinyonyoka manyoya na kukonda. Lakini mbuzi wa visiwa vya Hawaii walikula lusina hiyohiyo bila kudhurika. Mtafiti mmoja, Raymond Jones, akafikiri kwamba tofauti iko kwenye vijidudu vya tumboni. Miaka ya 1980 vijidudu kutoka kwa mbuzi wa Hawaii vilipelekwa Australia na kuwekwa katika matumbo ya mifugo ya huko, na mifugo hiyo ikaweza kula lusina. Bakteria mmojawapo alipewa jina Synergistes jonesii mwaka wa 1992, kumkumbuka Jones. Sasa bakteria huyo hafurahii hewa hata kidogo. Angebebwa nilivyobeba mimi mfuko wangu, wafugaji wa Australia wangeambiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Kwa upande wetu, tusikimbilie kufanya majaribio nyumbani. Tusilishe lusina peke yake, tuichanganye na nyasi, na tumuulize afisa wa mifugo kiasi kinachofaa.

Tatu, hesabu za dunia. Mnasikia ikisemwa kwamba ng'ombe wanaharibu hali ya hewa. Hesabu hizo nyingi zilianza na ng'ombe wa nchi za mbali, wanaokula nafaka na kulala bandani. Hapa Nairobi, taasisi ya ILRI ina kituo kiitwacho Mazingira chenye vyumba maalumu vya kupima gesi za ng'ombe. Vipimo vilivyofanywa hapa Kenya kuhusu gesi zinazotoka kwenye kinyesi na mkojo malishoni vimeonyesha viwango vya chini kuliko makadirio ya jumla yanayotumika duniani. Maana yake ni nini? Kama hatutapimwa, tutapewa namba za wengine. Na kama tutapimwa vibaya, tutapewa namba za uongo zenye jina letu.

Inawezekana kufanya vizuri. Mwaka wa 2015 watafiti wakiongozwa na wale wa New Zealand walitoa matokeo ya sampuli 742 kutoka kwa aina 32 za wanyama katika nchi 35. Waliweza kulinganisha wanyama wa pande zote za dunia kwa sababu walihakikisha sampuli zinachakatwa kwa njia moja. Na wakagundua jambo la kutia moyo: makundi makuu ya vijidudu yanafanana karibu kila mahali, na kinachobadilisha zaidi ni chakula anachokula mnyama. Chakula ni kitu ambacho mfugaji anaweza kukibadilisha.

Wakija kwako

Sasa mkifika nyumbani, yashikeni haya machache.

Moja, uliza wao ni nani. Utafiti katika nchi hii unahitaji leseni ya NACOSTI, na anayetaka kuchukua rasilimali za kijenetiki anahitaji pia kibali cha NEMA. Utunzaji wa mifugo na udhibiti wa magonjwa yake ni jukumu la kaunti, kwa hivyo afisa wa mifugo wa wadi yako anatakiwa ajue. Kama hajui, mpigie kwanza.

Mbili, sema ukweli wote. Ng'ombe amekula nini jana? Alipewa dawa ya minyoo lini? Alichomwa sindano ya antibiotiki? Amevushwa kutoka malisho gani? Usione haya kusema kwamba ulinunua dawa dukani ukampa mwenyewe. Antibiotiki hubadilisha vijidudu vya tumbo, na ukificha, mtafiti atatafuta sababu mahali isipokuwepo. Mimi nilificha siku tatu tu, na mmesikia.

Tatu, usisaidie kwa njia isiyofaa. Usiwakusanyie kinyesi cha jana ili kuwarahisishia kazi. Usifungue sanduku la barafu kuangalia. Kama ng'ombe ni wa tatu kwenye orodha na umemleta wa tano kwa sababu yeye ni mpole, waambie.

Nne, ukitumwa wewe mwenyewe kupeleka kinyesi maabara, uliza kwanza wanataka kitunzwe vipi. Kwa minyoo, chukua kipya, ukitumia glavu, kijaze chombo hadi juu ili hewa ibaki kidogo, kifunge vizuri, kiweke mahali pa baridi bila kugandisha, na kifike siku hiyohiyo au kesho yake. Andika jina la mnyama, tarehe na saa. Ukichelewa, sema umechelewa.

Tano, linda afya yako. Osha mikono kwa sabuni, na watoto wasishike sampuli. Na hili nalisema kwa sauti kubwa: mnyama akifa ghafla, na hasa damu ikimtoka puani, mdomoni au mkunduni, usimpasue, usichukue sampuli yoyote, usile nyama yake. Huenda ni kimeta. Mwite daktari wa mifugo.

Sita, dai majibu. Kabla hawajaondoka, uliza matokeo yatarudi kwa njia gani, kwa lugha gani, na nani atakayeyaleta. Mwambie aandike namba ya afisa wa wadi. Ng'ombe ni wako, na subira ni yako. Huko maabarani majibu haya huchukua muda, lakini muda si sababu ya kutorudi. Na mkiona hawakurudi, njooni ofisini kwangu. Kufuatilia habari ndiyo kazi ninayolipwa.

Namalizia. Baba yangu yupo, na nilipojua nitazungumza leo nilimweleza kwa mara ya kwanza kwamba kinyesi kile kilikuwa cha Ijumaa. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na yule mzee wa maabara alikuuliza?" Nikasema, ndiyo, aliniuliza. Akasema, "Basi alijua kazi yake."

Nawaomba mfanye kazi yenu katika safari ya sampuli, ili walio maabarani nao waweze kufanya yao. Maafisa wa mifugo wako pale chini ya hema la kijani, wana glavu na vichupa vya kuwaonyesha, na hawatozi kitu kwa maswali. Sasa nawaachia ng'ombe wa maonyesho wapite.